Kabla hujauliza "niweke kadi gani", fungua kwanza mfuniko wa hiyo Dell

"Kaka, nina PC ina i5, RAM 8, nataka nicheze GTA V na FC, niweke kadi gani?" Anamaanisha kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, na FC ni lile gemu la mpira. Hili swali naulizwa mpaka nimelizoea, na kila mara najibu kwa swali lingine: PC gani? Hapo mtu anaanza kununa, si nimeshakwambia i5. Sasa ndugu yangu, kuna i5 ya mwaka 2009 na kuna i5 ya 2023, hizo mbili hazijuani hata kwa salamu. Ukiniambia i5 peke yake bado hujaniambia kitu.

Na hata ukinitajia namba kamili ya prosesa, yan hiyo i5 yako, bado nitataka kujua kasha ni la aina gani na saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya PC, ina wati ngapi, maana huku kwetu wengi wetu kadi hatuchagui sisi, inachagua saplai iliyomo humo ndani. Ndo maana nasema fungua mfuniko kwanza afu ndo uje tuongee majina ya kadi.

Sababu iko wazi. PC nyingi tunazochezea magemu Dar hazikuzaliwa za magemu. Zilikuwa mashine za ofisi huko Ulaya au Marekani, kampuni ikabadilisha vifaa, zikapakiwa kwenye kontena, nyingine zinapitia Dubai, mwisho unazikuta Kariakoo zimefutwa vumbi zimepangwa mpaka darini. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Mimi sizidharau kabisa, ni mashine ngumu na kwa hela yake hupati kitu kipya cha maana. Ila aliyeichora alikuwa anamuwazia mhasibu na Excel yake, hakumuwazia mtu anayetaka kufukuzana na polisi wa Los Santos kwenye GTA saa sita usiku.

Nichukue mfano wa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Mbagala. Alikuwa na OptiPlex 9020, ile kubwa ya MT, ndani i5-4590, RAM 8 ya kijiti kimoja na hadidiski ya zamani. Amejichanga, ana laki tano, na kichwani tayari ameshanunua RX 580 kwa sababu kuna mshkaji wake anayo na inapiga kazi. "Kaka we niambie tu duka gani." Nikamwambia dogo tulia, zima mashine, toa waya wa umeme, fungua mfuniko, nipigie picha ya stika ya saplai.

Saplai ya ile mashine ni wati 290. Haina waya wa ziada wa kulisha kadi, yan zile pini 6 au 8 unazoziona kwenye kadi kubwa hamna pa kuzitoa. RX 580 peke yake inakula mpaka wati 185 na inadai pini 8. Kwahiyo stori ya RX 580 imeishia hapo hapo kwenye picha, hata hatujafika kwenye bei.

Atakayekwambia "badilisha saplai tu" yuko sahihi nusu. OptiPlex 7010 iliyotangulia ilikuwa inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, lakini 9020 Dell wakaja na plagi yao ya pini 8 kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa PC, ukinunua saplai ya kawaida haiingii mpaka upate adapta ya kutoka 24 kwenda 8. Adapta zipo, ila ujue kabisa kwamba unaitafuta, sio ufike nyumbani na saplai mpya usiku ndo ugundue. Na hiyo ni kwa kasha kubwa. Kama yako ni SFF, ile nyembamba inayolala chini ya monita, hapo saplai ya kawaida hata mlangoni haiingii.

Alafu kuna hizi saplai za bei rahisi zimeandikwa 500W kwa maandishi makubwa, ukiibeba ni nyepesi kama boksi tupu. Usisome yale maandishi makubwa, soma kile kijedwali kidogo pembeni, tafuta mstari wa +12V na uone ni ampea ngapi, maana kadi na prosesa karibu umeme wao wote wanauchota hapo. Zidisha 12 mara hizo ampea. Ukikuta 14A ni wati 168, sasa hizo 500 ziko wapi? Hiyo saplai ni dhaifu kuliko ile ya Dell ya 290 unayotaka kuitupa! Mimi bora nibaki na saplai ya kiwandani ya Dell au HP niweke kadi ndogo, kuliko kuweka kadi kubwa juu ya saplai ya kubahatisha. Saplai mbovu ikifa mara nyingi haifi peke yake.

Sasa hesabu ya dogo. Sloti ya kadi kwenye madabodi, PCI Express au PCIe, kwa kiwango chake inatoa mpaka wati 75. Prosesa yake ni wati 84. Ongeza diski, RAM, feni na madabodi yenyewe, unakaa kwenye mia mbili na kidogo mambo yakiwa yamechemka kwelikweli. 290 inatosha bila presha. Kwahiyo swali limebadilika, sio tena kadi gani nzuri, ni kadi gani nzuri isiyozidi wati 75 na isiyo na pini ya umeme.

Hapo kwenye 75 kuna familia ya kutosha tu. GTX 1050 Ti ya 2016, mzee lakini bado anatembea. GTX 1650 ya 2019, hii ndo kipenzi cha wenye mashine za ofisi, GB 4, na inaipita 1050 Ti kwa mwendo unaouona kwa macho. RX 6400 ya AMD, inakula wati 53 tu na zipo fupi za kuingia kwenye SFF. Na kwa mwenye hela zaidi kuna RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024, wati 70, haina pini, na ina DLSS, teknolojia ya Nvidia ya kuongeza mwendo wa gemu, ambayo 1650 haina. Hii ya mwisho ndo ningeichukua kama mfuko ungeruhusu, mfuko wa dogo haukuruhusu.

Mitego sasa, na hapa ndo watu wanapigwa. Kwanza GTX 1650 sio zote hazina pini, kuna matoleo yaliyosukumwa kidogo kiwandani yamewekwa pini 6, ukichukua hiyo kwa OptiPlex umechukua pambo. Geuza kadi, angalia kwa macho yako.

Pili RX 6400. Nzuri kwa umeme, lakini inaongea na madabodi kwa njia nne tu, x4, imetengenezwa kwa PCIe 4.0. Kwenye mashine zetu za PCIe 3.0 inapunguza mwendo, na ukiiweka kwenye mashine ya zamani zaidi yenye 2.0 ndo kabisa. Pia haina kile kisehemu cha kurekodi video, kwahiyo wewe unayetaka kurusha gemu lako mubashara prosesa ndo itabeba huo mzigo, na prosesa yako ni i5 ya 2014. Kwenye SFF naielewa. Kwenye kasha kubwa siielewi.

Tatu, ugonjwa wa "GB 4". Muuzaji anakwambia hii kadi GB 4 bosi, ile nyingine GB 2, chukua hii. Anakushikisha GT 730 yenye kumbukumbu ya polepole ya DDR3! Ile GB 4 ni ukubwa wa stoo, haikwambii mlango wa stoo una upana gani. Mfano mzuri ni GT 1030: ipo ya GDDR5 na ipo ya DDR4, jina moja, boksi linafanana, zote GB 2, lakini ya DDR4 kumbukumbu yake inapitisha kama GB 17 kwa sekunde wakati ya GDDR5 inapitisha 48. Ukicheza unazijua bila kuangalia boksi. Kwahiyo jina kamili la kadi, aina ya kumbukumbu, ndo uje kwenye GB.

Nne feki. Kuna kadi za zamani sana za Nvidia zimebadilishwa programu ya ndani, Windows inakusomea 1050 Ti kumbe ni mzee wa mwaka 2010 kavalishwa koti. Dawa yake ni ndogo, beba programu inaitwa GPU-Z kwenye flashi, mwambie muuzaji awashe hapo hapo dukani, ikiwa ya uongo nyingi inaziandikia kabisa FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa kuwasha, umeshapata jibu lako bila hata GPU-Z. Kwa wale wenye saplai kubwa wanaowinda RX 580, hiyo hiyo GPU-Z iangalie namba ya shaders, vile vikori vidogo vya ndani ya kadi: 580 halisi ina 2304, ukiona 2048 hiyo ni toleo lililopunguzwa, kiutendaji ni RX 570 na bei yake iwe ya 570.

Na kadi zilizotoka kwenye mitambo ya kuchimba sarafu za kidijitali zipo nyingi tangu Ethereum ilivyoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022. Watu wanaziogopa kuliko inavyostahili. Mimi siogopi, nataka feni zizunguke bila kulia, nataka iendeshwe FurMark, programu ya kuichemsha kadi, dakika kumi na tano nione joto na nione kama skrini inatoa vidoti vya rangi. Ikitoa vidoti asante sana, tutaonana siku nyingine.

Haya prosesa. Watu wanapenda neno "inabana", kadi inabanwa na prosesa, na wanalitumia bila kupima. Kupima ni bure. Weka MSI Afterburner, inafanya kazi na kadi ya kampuni yoyote, washa yale maandishi ya pembeni wakati unacheza. Kadi ikiwa inasoma 97 mpaka 99 asilimia, basi kadi ndo imefika mwisho wake, na hiyo ndo hali tunayoitaka. Ikisoma 55, 60, huku gemu linakwamakwama, prosesa ndo inachelewesha. Njia nyingine, shusha ukubwa wa picha kutoka 1080 mpaka 720, kama FPS, yan idadi ya picha kwa sekunde, haijapanda basi shida sio kadi, usiende kununua kadi nyingine kwa hasira.

i5-4590 ina kori nne, yan vichwa vinne vya kufanya kazi, na nyuzi nne, yan kazi nne kwa wakati mmoja. Kwa GTX 1650 wanaenda sawa kwenye magemu mengi, ila kwenye magemu ya mtandaoni yenye watu wengi utaona zile kori zote nne zimegonga mia na picha inashtuka-shtuka. Uzuri i7-4790 inaingia soketi hiyo hiyo, wati zile zile 84, nyuzi nane. Unaitoa moja unaweka nyingine unapaka pasta mpya ya kupitisha joto umemaliza. Ila nilimwambia dogo asinunue sasa, asubiri aone kama atahisi tofauti, maana hela ni ile ile laki tano na bado hatujagusa RAM.

RAM ni fupi. Alikuwa na kijiti kimoja cha 8, tukaongeza cha pili ili zifanye kazi kwa pamoja, maana prosesa inasoma vijiti viwili kwa wakati mmoja na kile cha peke yake kinaiacha njia moja haina kazi. Ni DDR3, na kwenye DDR3 angalia kitu kimoja: kuna vijiti vya GB 8 vya bei ya kutupa vimeandikwa kwa ajili ya AMD. Sio utani wa kibiashara, kwenye madabodi ya Intel kama hii havisomi.

SSD ndo sina hata la kubishana, weka SSD, ile diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka. Kwa 9020 chukua ya SATA ya kawaida, usisumbuke na NVMe, ile SSD ya kasi zaidi, madabodi ile haikuundiwa kuwasha Windows kutoka huko, na kwenye kufungua gemu utofauti wa SATA na NVMe ni mdogo ukilinganisha na utofauti wa hadidiski na SSD yoyote. Ukubwa ndo wa kuwaza. FC 24 peke yake wanakutaka uwe na GB 100 wazi, GTA V nayo inazidi hapo, kwahiyo 240 inajaa kabla hujaweka gemu la tatu. Chukua 480 au 512. Na GB 100 kwa bando unajua mwenyewe inavyouma, Steam tangu 2023 ina setingi ya kuhamisha gemu kutoka PC moja kwenda nyingine kwenye mtandao mmoja wa ndani, kwahiyo kama jirani yako analo mnunulie soda, beba mashine yako, muunganishe kwa waya.

Umeme. Wengi wanauogopa kwenye LUKU, lakini PC kama hii ikicheza inakula kama wati 200, saa tano ndo uniti moja. Friji na pasi zinakufanyia mabaya zaidi. Ubaya uko kwenye umeme unavyokatika na hasa unavyorudi. Rudi yake ile ya kushtua ndo inayoua saplai. Kinga ya chini kabisa ni ile ya kuchelewesha umeme kama tunayoweka kwenye friji, ya pili ni UPS, boksi lenye betri ndani, na UPS ya 650VA usidhani ni wati 650, ni kama 360 hivi, inatosha kwa mashine hii kukupa dakika chache usevu uzime. Usiitegemee umalizie mechi. Joto nalo, Mbagala mwezi wa pili chumbani bila feni, kasha la ofisi lina tundu dogo mbele limejaa vumbi la miaka. Pulizia, badilisha pasta ya prosesa, usisukumize kasha kwenye kona ya kabati. Hiyo ni apgredi ya elfu kadhaa na watu wanairuka.

Sasa jambo zito ambalo ilibidi nimwambie dogo ukweli. Mashine ya kizazi cha nne cha prosesa za Intel, kama hii ya i5-4590, ina mwisho. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8 na TPM 2.0, chipu ya usalama. 9020 haina. Kuna njia za kulazimisha 11 iingie, zipo, wengi wanazitumia, lakini magemu ya mtandaoni yameanza kukagua hayo mambo kupitia programu zao za kuzuia wachitaji. Valorant ukiwa Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa wakati PC inawaka, Battlefield 6 nayo inadai hivyo hivyo. Hapo hata uweke kadi ya milioni gemu halifunguki. Na wenye kizazi cha 3 kurudi nyuma mna shida ya ziada, prosesa zenu hazina AVX2, seti ya amri za prosesa, na kuna magemu mapya yanaidai.

Ndo maana nilimwambia, kwenye hii Dell nunua vitu vinavyohama. Kadi inahama. SSD inahama. RAM ya DDR3 haihami, i7-4790 haihami, hizo weka hela ndogo kabisa au usiweke. Mwakani akipata OptiPlex au EliteDesk ya kizazi cha 8, yenye i5-8500, kori sita halisi, TPM 2.0, sehemu ya NVMe, anachomoa GTX 1650 yake anaichomeka kule na maisha yanaendelea. Kwa maoni yangu kama leo huna mashine kabisa usianzie tena kizazi cha 4, ongeza kidogo uanzie cha 8, hata kama miezi ya kwanza utacheza bila kadi.

Na wale wa kujenga kutoka sifuri, prosesa ya AMD Ryzen 5 5600 na madabodi ya B450 au B550 bado ni njia nzuri, na kama kadi itakuja baadaye chukua 5600G ina uwezo wa picha wa ndani yake unaochezeka. Tatizo RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya kwa sababu viwanda vinauza kumbukumbu nyingi kwa wenye madata senta ya AI, kwahiyo ukikuta mashine ya ofisi imeshakuja na DDR4 GB 16 ndani, hiyo RAM peke yake ni sehemu kubwa ya bei, usiache dalali akuchomolee kijiti kimoja kabla hujafika nyumbani.

Dogo mwisho alichukua GTX 1650 iliyotumika, isiyo na pini, tumeiona GPU-Z na tumeipasha moto dukani, kijiti cha pili cha RAM, na SSD ya 480. FC inakimbia vizuri kwa 1080 setingi za kati. Analalamika ping, yan ucheleweshaji wa mtandao, nikamwambia hiyo kadi haihusiki, seva iko mbali na bando lako ni la simu.

Kilichobaki ni monita yake, ya kizamani ina VGA tu, na GTX 1650 haina mdomo wa VGA, kwahiyo tukatafuta adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye chipu ndani. Jioni akanipigia, "kaka kadi haijabadilisha kitu, FPS zile zile." Nikamuuliza waya umechomeka wapi. Ameuchomeka kule juu kwenye DisplayPort ya madabodi, na adapta nyingine aliyoazima kwa jirani. Muulize muuzaji yeyote wa Kariakoo atakwambia kuna wateja wanarudisha kadi nzima kwa hili, kwahiyo waya wa monita unaenda chini, kwenye kadi.